Kambi, Msafara na Tela: Kutafsiri Habari za Malazi Hifadhini

Rasimu ya tangazo niliyoletewa ilikuwa ya mistari sita tu. Ilikuwa tafsiri kutoka Kiingereza, nayo ilikusudiwa kubandikwa Kibondo na Kasulu kwa ajili ya wageni wapitao huko na magari yao wakielekea kusini, Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na pia kwa ajili ya wenyeji wanaowapokea. Mstari wa tatu ulisomeka hivi: "Misafara hairuhusiwi kulala nje ya kambi bila kibali."

Kwa upande wa sarufi, mstari huo hauna kasoro, na kila neno lililomo mfasiri aliweza kulitetea kwa kamusi. Maana iliyokusudiwa ni kwamba wasafiri wanaokokota nyumba ndogo za magurudumu nyuma ya magari yao wasilale popote watakapo ndani ya hifadhi, bali walale mahali palipotengwa, isipokuwa wamepewa ruhusa. Kabla ya kuirudisha rasimu, nilimsomea mstari huo mwalimu mmoja mwenyeji wa Kasulu, bila ya kumweleza unahusu nini. Alisikiliza, kisha akauliza: "Wakimbizi wamefanya nini tena?"

Nilijaribu kumweleza kwamba habari yenyewe ni ya watalii. Akacheka, akasema kwamba kama ni ya watalii basi imeandikwa na mtu asiyewahi kufika kwao.

Mwalimu yule hakukosea, na inafaa tuone kwa nini. Neno kambi lina matumizi mengi katika Kiswahili. Iko kambi ya jeshi, iko kambi ya timu ya mpira, iko Kambi ya Upinzani Bungeni, na Wasabato huenda makambi kila mwaka kwa ibada. Katika yote hayo dhana ni moja: watu waliokusanyika mahali pamoja kwa muda na kwa shabaha maalumu. Lakini neno likitumika sana katika nchi fulani kwa jambo moja kubwa, jambo hilo hulimeza neno zima. Katika nyanda za juu za Kigoma jambo hilo ni ukimbizi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita ya Kongo. Mwaka 2015 Warundi walipokimbia tena nchi yao, Nyarugusu ikawapokea, na Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya. Mwaka 2016 ikafuata Mtendeli, katika wilaya mpya ya Kakonko, nayo ikafungwa mwaka 2021. Nyarugusu peke yake iliwahi kuwa na watu zaidi ya 100,000. Mtu wa Kasulu akisema "yuko kambini", hahitaji kuongeza neno.

Tena, kabla ya wakimbizi, watu wa Uha walikwisha kuonja makambi ya namna nyingine. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwakusanya watu wa sehemu hizo katika makazi ya pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Baadaye Waha kwa maelfu walisafirishwa kwenda mashamba ya katani ya pwani, wakilazwa katika kambi za manamba njiani na mashambani. Mtabila, iliyokuwa kambi ya wakimbizi wilayani Kasulu hadi ilipofungwa mwaka 2012, baadaye ikawa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa: mahali ni pale pale, neno ni lile lile, na watu wengine kabisa. Hakuna hata moja katika hizi ambayo mtu huiendea kwa kujiburudisha.

Sasa turudi kwenye mstari wa tatu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inawataka wakimbizi wakae katika maeneo waliyopangiwa, na mkimbizi hutakiwa kuwa na kibali ili atoke. Kwa hiyo maneno "kulala nje ya kambi bila kibali" tayari yana maana kamili katika masikio ya askari, ya mtendaji wa kijiji na ya mkimbizi mwenyewe. Ni maneno ya amri inayojulikana. Ukiyabandika ukutani Kibondo, hakuna atakayefikiri habari ya Mzungu na gari lake. Mwenye kuhofu kukamatwa atahofu zaidi, na mwenye mamlaka ndogo atajiona ameongezewa.

Neno la pili lililopotosha ni msafara. Mfasiri alikuta katika Kiingereza neno ambalo sisi tungeliandika karavani, na kamusi ikampa msafara. Asili ya neno hilo ni Kiajemi, nalo lilikuwa na maana ya kundi la wasafiri na wanyama wao wa mizigo. Waingereza walilichukua, kisha wakaliita kwa jina hilo gari la kulala la watu wasiokuwa na makao, na mwisho tela la mapumziko. Sisi hatukupita njia hiyo. Kwetu msafara umebaki kuwa watu waendao pamoja, iwe ni wapagazi wa karne ya 19 katika njia ya Tabora na Ujiji, au magari ya kiongozi yanayosimamisha barabara nzima. Tela halina msafara ndani yake, hata likijaa.

Nataja njia ya Ujiji kwa sababu inatupa mfano mwingine wa neno lililogeuka. Mwaka 1871 Stanley alipopita Uha akimtafuta Livingstone, watawala wa nchi walimtoza hongo mara kwa mara, hata mwishowe akapita usiku kwa kujificha ili asitozwe tena. Hongo ile haikuwa rushwa. Ilikuwa ada halali ya kupita katika nchi ya watu, na mwenye kuikwepa ndiye aliyekuwa mkosaji. Leo hakuna mfasiri atakayethubutu kuandika "hongo ya kuingia hifadhini", ingawa kihistoria angekuwa na hoja. Tunakubali kwamba hongo imehama. Basi tukubali pia kwamba katika wilaya hizi kambi nayo imehama.

Hapana budi kwanza kueleza vitu vyenyewe, maana wengi wetu tunavifasiri bila ya kuviona. Viko vya namna tatu. Kwanza ni gari linalojiendesha lenyewe, ambalo ndani yake mna vitanda, jiko, tangi la maji na pengine choo. Pili ni chombo cha namna hiyo hiyo kisicho na injini, kinachokokotwa na gari jingine. Tatu ni gari la kawaida la kupandia milima lililofungwa hema juu ya paa, ambalo wenyewe hulikunjua jioni na kupanda kwa ngazi. Katika barabara zetu hili la tatu ndilo huonekana zaidi, kwani hupita mahali ambapo nyumba ya magurudumu ingekwama.

Kwa lile la pili lugha imekwisha kutoa jibu. Wakulima, madereva na makuli wote husema tela, na kwa wingi matela. Hakuna haja ya kuunda jingine. Kilichobaki ni kulitofautisha na tela la trekta na la lori. Kwa lile la kwanza nimeona watu wakijaribu "gari-nyumba" na "nyumba-gari", na sioni yakipendeza. Kila mara msomaji hujiuliza ni gari au ni nyumba, na ngeli ifuate lipi. Wengine wamependekeza "gari la kulala". Hili lina nguvu, kwa kuwa abiria wa Reli ya Kati waendao Kigoma wameyazoea maneno "daraja la pili kulala" na "behewa la kulala". Hata hivyo kulala ni sehemu tu ya kazi ya gari hilo. Mimi naona neno malazi linafaa zaidi, maana ndilo tulitumialo kwa makao ya mgeni kwa siku chache, kama katika "chakula na malazi". Hivyo tutakuwa na gari la malazi na tela la malazi. Na lile la tatu tuliite kama lilivyo, gari lenye hema la paani.

Mahali pa kuyaegesha ndipo penye mjadala mkubwa. Wenye shughuli za utalii wamekwisha kuzoea kambi, na wameitumia kwa vitu vitatu vilivyo mbali mbali: uwanja mtupu wenye choo na bomba ambapo kila mgeni hujitegemea; hoteli ya mahema yenye vitanda vya mbao na wapishi; na, katika mapori ya akiba kama Moyowosi, makao ya wawindaji wenye leseni. Mgeni aliyelipia cha kwanza akitegemea cha pili atakuwa na malalamiko ya haki.

Wapo wanaotaka tulifufue neno dago, au ago kama wengine wasemavyo. Wavuvi wa pwani na visiwani "huenda dago" wanapohamia ufuko wa mbali kwa msimu wa samaki, wakajenga vibanda na kurudi kwao msimu ukiisha. Ni neno zuri na ni letu, na nakiri kwamba nilipolisikia likipendekezwa nililipenda papo hapo. Lakini tangazo si mahali pa kufundisha msamiati. Mtu wa Kibondo asiyepata kuiona bahari atahitaji maelezo, na maelezo yakiwa marefu kuliko tangazo, kazi imeharibika. Kwa hadithi na masimulizi dago lipewe nafasi yake.

Pendekezo langu ni kiwanja cha mahema. Kiwanja tunakijua: cha mpira, cha ndege, cha kujengea nyumba. Hutaja ardhi iliyotengwa kwa kazi fulani, wala hakisemi lolote juu ya watu waliomo. Palipo na nafasi ya magari hayo makubwa tutasema kiwanja cha mahema na magari ya malazi. Hifadhi zetu za taifa zina viwanja vya aina mbili, na tofauti yao ilindwe katika tafsiri: kiwanja cha wote, ambacho wageni mbali mbali hutumia pamoja na ambacho huwa na choo na maji, na kiwanja maalumu, ambacho hukodishwa kwa kundi moja tu na aghalabu hakina kitu ila miti. Neno "maalumu" humfanya msomaji ategemee anasa zaidi, kumbe ni kinyume. Ningependelea kiwanja cha faragha.

Mfasiri ajue pia hifadhi anayoiandikia. Gombe, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na Mahale, iliyotangazwa mwaka 1985, hazina barabara ndani yake. Mgeni hufika kwa mashua na kutembea kwa miguu. Sharti la matela likitafsiriwa kwa uaminifu kutoka kijitabu cha hifadhi zote na kubandikwa Gombe litakuwa kichekesho. Katavi ndiko magari hufika, kupitia Mpanda na Sitalike.

Liko jambo jingine ambalo ni zito kuliko haya ya watalii. Magharibi ya Pori la Akiba la Moyowosi, na katika misitu ya miombo ya Kibondo na Kasulu kwa jumla, kuna warina asali na wafugaji wa nyuki ambao hulala porini siku kadhaa kwenye mizinga yao, na katika ardhi oevu ya Malagarasi kuna wavuvi wa msimu. Wote hao wakiulizwa watasema "tumepiga kambi". Sasa kanuni iliyoandikwa kwa Kiingereza kumzuia mtalii asisimamishe hema ovyo, ikitafsiriwa "ni marufuku kupiga kambi", itawakumba hao kabla ya kumkumba mtalii. Ni kweli kwamba kuingia katika pori la akiba bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na mrina asali hasameheki kwa kuwa ni mwenyeji. Lakini kosa lake liwe lile lililotungwa na sheria, si lile lililozaliwa mezani kwa mfasiri. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini, na kanuni nyingi zinafasiriwa. Hakimu atasoma neno tuliloandika sisi.

Kwa sababu hiyo, palipo na katazo, nashauri tuache jina na tutaje tendo: ni nani, anakatazwa kufanya nini, wapi. Kitenzi kulala chatosha, na kila mtu anakielewa.

Rasimu niliirudisha ikiwa na mstari wa tatu huu: "Mgeni mwenye gari la malazi, tela la malazi au hema haruhusiwi kulala ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi isipokuwa katika kiwanja cha mahema, ila akiwa na kibali cha Mhifadhi." Ni mrefu mara tatu kuliko ule wa kwanza, na mwenye tangazo alilalamika kwamba ubao hautatosha. Nilimshauri aupunguze mstari wa tano, ambao ulikuwa ukiwakaribisha wageni kwa maneno 31.