Maji ya Kunywa Kabla ya Maji ya Udhu: Kumuuguza Mzee Anayerudiwa na Maradhi ya Mkojo



Juma hili tunazungumza na kina dada walio na mzazi, mkwe au nyanya ambaye kila baada ya miezi michache hurudiwa na maumivu ya mkojo. Maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo wengi huyaita UTI, huhesabiwa na matabibu kuwa ya kujirudia yakija mara 2 katika miezi 6, au mara 3 katika mwaka. Wanawake hupatwa zaidi kwa kuwa mfereji wao wa mkojo ni mfupi na u karibu na njia ya haja kubwa, anakotoka kijidudu kiitwacho E. koli, ambacho ndicho kisababishi mara nyingi. Hedhi ikishakoma, sehemu zile hukauka na kinga yake hupungua. Kwa wanaume wazee, mara nyingi ni tezi dume inayobana mkojo ukabaki kibofuni. Kisukari, kufunga choo na mpira wa mkojo navyo vina sehemu yao.

Hayo daktari atayaeleza. Sisi tunataka kulisema lile ambalo daktari huenda asiambiwe: wazee wengi wetu hawanywi maji ya kutosha kwa sababu ya haya, na haya hiyo wameivisha vazi la ibada.

Tuchukue Zombe, mashariki ya Kitui. Misimu ya mvua huko ni miwili, wa Machi hadi Mei na wa Oktoba hadi Disemba, na haitegemeki. Mito ya Kitui kama Thua na Tiva hupita maji siku za mvua, kisha hubaki mchanga mtupu. Watu huufukua wakateka maji, wakayabeba kwa punda katika mitungi ya lita 20. Bi kizee wa nyumba kama hiyo hupiga hesabu yake kimya kimya. Maji haya ni ya kupikia, ni ya wajukuu, na ni ya udhu wake mara tano. Akinywa zaidi, itambidi atoke gizani kwenda choo kilicho nje. Akichelewa, nguo itaingia najisi na sala imtie wasiwasi. Basi huridhika na kikombe cha chai asubuhi na kingine jioni. Mkojo huwa mchache na mzito, kibofu hakioshwi, na vijidudu hupata makao.

Sharia haikumtwika mzigo huo. Mafakihi wameeleza kwamba maji yanayohitajiwa kwa kunywa hutangulizwa mbele ya udhu, na mwenye haja nayo atatayamamu kwa vumbi safi, ambalo Zombe halikosekani. Kustanji kwa mawe, au kwa kitu kikavu kisafi kinachopangusa, mipanguso mitatu na zaidi mpaka pasafike, kunatosha iwapo mkojo haukutapakaa. Na yule ambaye mkojo humtoka bila kuuzuia, katika madhehebu yetu ya Shafi husubiri wakati wa sala uingie, akajisafisha, akajifunga kitambaa au nepi, akatawadha kwa kila sala ya faradhi na kusali papo hapo. Kinachotoka baada ya hapo hakimharibii sala. Mzee asiyeweza tena kufunga Ramadhani, wala hatarajiwi kupata nguvu ya kulipa, hutoa fidia ya kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Maneno haya ayasikie kwa mtu anayemheshimu, imamu au mwalimu wa madrasa. Mjukuu akimfundisha nyanya dini, mara nyingi huishia kuambiwa kakosa adabu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia wanawake 140 waliorudiwa na maradhi haya. Walioongezewa lita moja na nusu ya maji kila siku waliugua takriban nusu ya mara walizougua wenzao. Hao walikuwa bado hawajafikia ukomo wa hedhi, lakini madaktari huwausia wazee vivyo hivyo. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo asiongezewe maji mpaka daktari aseme kiasi. Kwa wengine, kikombe kila wakati wa sala na kingine kati yake, kisha kupunguza baada ya Isha, ni utaratibu mwepesi kukumbuka. Awekwe ndoo yenye kifuniko kando ya kitanda, asitoke usiku. Apanguswe kutoka mbele kwenda nyuma, na nepi ibadilishwe mara inapoloa. Binti au mkaza mwana ndiye afaaye kumhudumia bi mkubwa. Akikosekana, mwanawe amwoshe chini ya shuka, kwa kitambaa mkononi.

Likija homa, kutetemeka, maumivu ya ubavuni au kutapika, ni hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mzee aliyekuwa na akili zake jana na leo hawatambui wanawe. Tumeona jamaa wakimaliza siku mbili kwa kutafuta jini. Huenda ikawa ni mkojo, au malaria, au sukari, au ukavu wa mwili, na kipimo ndicho kitakachobainisha. Kisomo chaweza kusomwa garini njiani.

Katika dawa, hatari kubwa ni dukani, ambako vidonge vile vile vya mwaka jana hununuliwa bila kipimo. Vijidudu huvizoea. Kwa anayerudiwa, ombeni mkojo uoteshwe maabara kabla ya kidonge cha kwanza, ijulikane dawa ipi ingali inaviua, kisha dozi ikamilishwe. Kinyume chake, mzee asiye na dalili yoyote, hata kipimo kikionyesha vijidudu, kwa kawaida hahitaji dawa. Wazee wengi huishi navyo. Kwa bi aliyekoma hedhi ipo pia krimu ya homoni ya kupaka ndani ya uke, ambayo hupunguza kurudiwa. Wengi hawaisikii kwa kuwa wanaona haya kuuliza. Aulize binti, kwa daktari mwanamke akipatikana.

Na liwepo daftari moja nyumbani: tarehe aliyougua, jina la dawa, siku alizomeza. Pakiti tupu zitiwe ndani yake, na anayempeleka hospitali alichukue.