Kitabu Kinene Kina Bei Mbili

Vitabu vitatu nilivyosoma karibuni ni vya aina tatu. The Origin of Species cha Charles Darwin ni cha sayansi, Ivanhoe cha Walter Scott ni riwaya ya kihistoria yenye mapenzi na vita, na The Lord of the Rings cha J.R.R. Tolkien ni fantasia. Vyote ni vya Uingereza na takwimu za uchapaji wake zinajulikana. Ukizilinganisha, utaona kwamba gharama ya kitabu kirefu imehama: zamani iliuma mfukoni, leo inauma kwenye muda.

Tuanze na fedha. Ivanhoe ilitoka Desemba 1819 katika juzuu tatu, kwa shilingi 30. Kibarua wa shambani wakati ule alilipwa takriban shilingi 10 kwa wiki, kwa hiyo riwaya moja ilimeza ujira wa wiki tatu. Hata hivyo nakala 10,000 za toleo la kwanza zilikwisha upesi, kwa sababu wanunuzi walikuwa watu wenye uwezo na maktaba za kukodisha. Mwaka 1821 Scott alitoa Kenilworth kwa shilingi 31 na peni 6, na bei hiyo ikawa ya kawaida kwa riwaya za juzuu tatu hadi 1894.

Bei hiyo ilidumu miaka yote hiyo kwa sababu ya maktaba. Ile ya Charles Edward Mudie, iliyoanza 1842, ilitoza shilingi 21 kwa mwaka, na mwanachama wa kiwango hicho aliazima juzuu moja kwa wakati. Riwaya ya juzuu tatu iliweza kusomwa na wanachama watatu siku hiyo hiyo. Bei kali iliwasukuma wasomaji kuazima, na wingi wa waazimaji ukampa mchapishaji mteja wa uhakika. Darwin naye alinufaika: kitabu chake kilitoka tarehe 24 Novemba 1859, nakala 1,250 kwa shilingi 15 kila moja, na Mudie peke yake alichukua takriban 500. Hiyo ni asilimia 40.

Kwa Tolkien, aliyeogopa gharama alikuwa mchapishaji. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia karatasi ilikuwa ghali, na kampuni ya George Allen & Unwin ilikadiria kwamba ingeweza kupoteza pauni 1,000. Ikagawa kazi moja katika juzuu tatu, na badala ya mrabaha wa kawaida ikakubaliana na mwandishi kugawana naye faida nusu kwa nusu baada ya gharama kurudi. Juzuu ya kwanza ilichapwa nakala 3,000 mwaka 1954, kwa shilingi 21. Aliyetaka zote tatu alilipa shilingi 63.

Sasa tuhesabu saa. Mwaka 2019 mtafiti Marc Brysbaert alikusanya matokeo ya tafiti nyingi na kupata wastani wa msomaji wa Kiingereza anayesoma kimya: maneno 238 kwa dakika katika vitabu visivyo vya kubuni, na 260 katika vya kubuni. Darwin, mwenye takriban maneno 150,000, anahitaji saa 10 na nusu. Ivanhoe, takriban maneno 180,000, saa 11 na nusu. Tolkien, takriban maneno 480,000, saa 31. Makadirio haya ni ya Kiingereza. Maneno ya Kiswahili hubeba mengi zaidi, hivyo usiyahamishe kama yalivyo.

Anayesoma nusu saa kila siku ana saa 182 kwa mwaka. Hizo zinatosha vitabu 17 vyenye urefu wa Darwin, au 5 tu vyenye urefu wa Tolkien. Fantasia ndefu za siku hizi hazitoshei kabisa: The Wheel of Time, mfululizo wa vitabu 14 ulioanzishwa na Robert Jordan mwaka 1990 na kukamilishwa na Brandon Sanderson mwaka 2013, una takriban maneno milioni 4.4. Hizo ni saa 282, yaani zaidi ya mwaka mmoja na nusu bila kugusa kitabu kingine.

Fedha, kwa upande wake, imelegea. Darwin na Scott hakimiliki zao zimekwisha, na vitabu vyao vinapatikana bure mtandaoni kupitia Project Gutenberg. Tolkien bado: alifariki 1973, na kwa kuwa hakimiliki huhesabiwa tangu kifo cha mwandishi, kazi zake zinalindwa Uingereza hadi mwisho wa 2043.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza mfululizo mrefu, gawanya idadi ya maneno kwa 260, kisha kwa 60. Jibu likizidi saa ulizonazo kwa mwaka, azima juzuu ya kwanza tu, na usinunue ya pili mpaka umeimaliza.