Kijineno "the": ya kweli na ya kuzushiwa

Uwe ulisomea Oldonyiro, Kipsing au Isiolo mjini, hadithi hizi umezisikia. Uliingia darasani na Kisamburu, Kiturkana, Kiborana au Kisomali cha nyumbani, ukaongezewa Kiswahili, kisha Kiingereza kikaja na kijineno cha herufi 3 ambacho kila mtu ana kanuni yake juu yake. Baba mdogo ana yake, jirani aliyewahi kufanya kazi na watalii ana yake, na dada aliyemaliza Form Four anazo tatu zinazogombana. Haya, tuzipime.

"Ukiwa na shaka, tia 'the', haiharibu kitu." Uongo, na huu ndio unaogharimu watu. Tuseme uko soko la mifugo la Oldonyiro na mnunuzi kutoka Nairobi anakwambia, "I want goats." Huyo anataka mbuzi, wowote wale, na bei ndiyo kwanza inaanza kuzungumzwa. Akisema "I want the goats", kuna mbuzi anaowajua, na anaamini wewe pia unawajua: labda wale mlioongea habari zao kwa simu jana, labda wale wanne waliosimama kando ya uzio. Ukimletea wengine mtagombana, na dalali atakuwa upande wa mwenye pesa. Vivyo hivyo "life is hard" ni maisha kwa jumla. Ukisema "the life is hard", msikilizaji anabaki akingoja: maisha yapi? Ya kuchunga? Ya mjini? Waliopita madrasa wana mtego wao hapa, kwa maana Kiarabu husema "al-hayat" hata kwa maisha ya jumla, na mwenye kuizoea hiyo "al" huibeba hadi kwenye Kiingereza.

"'The' ni ya kitu kilichokwisha kutajwa." Nusu kweli. Kutajwa ni njia moja tu ya kitu kujulikana. Mama akikuagiza kwa Kiingereza ufunge lango la boma, atasema "close the gate", hata kama siku nzima hakuna aliyelitaja. Jua nalo ni "the sun" tangu neno la kwanza, kwa kuwa hatuna jingine la kulichanganya nalo. Kijineno hiki hakijali sana kitu chenyewe. Kinamjali msikilizaji, kama anajua ni kipi. Ndiyo maana naikubali mbinu ya walimu wa zamani: kabla ya kutia "the", jiulize kama mwenzako atakuuliza "kipi?" Akiwa na sababu ya kuuliza, iache. Kwa matumizi ya kila siku, sijaona kipimo kinachoishinda.

"Kiswahili hakina kitu kama hicho, kwa hiyo vichwa vyetu havikiwezi." Uongo. Neno lenyewe hatuna, ni kweli, na wenzetu ni wengi: Kirusi hakina, Kijapani hakina, Kilatini hakikuwa nalo. Lakini sikiliza tofauti ya "leta kitabu" na "kilete kitabu". La kwanza litatoshwa na kitabu chochote. La pili lina "ki" inayokubana: kile tunachokijua mimi na wewe. Msikilize pia bibi akitoa ngano: palikuwa na fisi, kisha yule fisi akasikia njaa. Kazi ya huyo "yule" ni ile ile ya "the". Tena "the" yenyewe ilizaliwa hivyo hivyo, kwani katika Kiingereza cha kale ilikuwa neno la kuonyeshea, ndugu wa "that". "Le" ya Kifaransa na "el" ya Kihispania zimetokana na "ille" ya Kilatini, yaani "yule".

Tofauti ni kwamba Kiswahili hukuachia uamue, ilhali Kiingereza hukulazimisha kuamua kila mara. Na hiyo "kila mara" si maneno matupu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown huko Marekani walikusanya maandishi yaliyochapishwa 1961, maneno kama 1,000,000. Karibu 70,000 yalikuwa "the".

Kwenye hiyo "yule" pia ndipo "the my goat" inapotoka. "Yule mbuzi wangu" ni Kiswahili safi, basi ulimi unaona hakuna ubaya. Kiingereza kina kiti kimoja tu mbele ya jina: "my" akikaa, "the" anasimama nje.

"Wasamburu wana 'the' tayari, ndiyo ile 'ol' ya Oldonyiro." Uongo, ingawa ningependa uwe kweli. "Ol" inatambulisha jinsia ya kiume, kama katika jina la mlima Oldoinyo Lengai, na mwenzake wa kike ni "en", kama katika "enkare nairobi", maji baridi, yaliyoupa mji mkuu wetu jina. Msamburu akisema "nkiteng" anaweza kuwa na ng'ombe yeyote moyoni au ng'ombe mnayemjua nyote. Kiturkana ni hivyo hivyo: "ekile" mwanamume, "aberu" mwanamke, na herufi ya mwanzo inasema jinsia. Mwenye "the" ya kweli ni jirani Msomali, ila yeye huibandika mkiani: "nin" ni mwanamume, "ninka" ni mwanamume yule tunayemjua.

"Usiseme 'I go to the school'." Kweli kwa mwanafunzi, uongo kwa mzazi. Mtoto anayekwenda kusoma husema "to school". Baba anayekwenda kulipa karo husema "to the school".

"Majina ya mahali hayataki 'the'." Kweli kwa Isiolo, Kenya, Mount Kenya na Lake Turkana. Uongo kwa mito, safu za milima na bahari: the Ewaso Nyiro, the Tana, the Aberdares, the Indian Ocean. Gambia hudai "the" yake, nchi iliyopewa jina la mto. Vitabu vya zamani viliandika "the Sudan", lakini Sudan Kusini ilipojitawala 2011 haikuibeba.

"'The' hutamkwa namna mbili." Kweli tupu, na mwalimu aliyekuchosha kwa hili alikuwa na haki. Mbele ya irabu ni "dhi", kwingine ni "dhe", na hiyo "dh" unayo tangu ulipojifunza kusema dhahabu. Ila sikio ndilo linaloamua, si herufi. "Hour" huandikwa kwa "h" isiyosikika, basi ni "dhi". "University" huanza kwa sauti ya "yu", basi ni "dhe". Shirika lililokuja kugawa chakula ni "dhi NGO", kwa kuwa linaanza na "en", na mwakilishi wenu kule bunge la kaunti ni "dhi MCA".