Koma Iliyobeba Msafara

Je, wajua kwamba ukiipa kompyuta majina sita kwenye mstari mmoja, yenyewe huona neno moja refu?

Chukua njia ya kale ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa, ambayo mwaka 2006 Tanzania iliiingiza kwenye orodha ya awali ya UNESCO. Vituo vyake vikuu ni hivi: Bagamoyo,Mamboya,Mpwapwa,Kilimatinde,Kwihara,Ujiji. Wewe umeshaiona safari nzima, toka pwani hadi Ziwa Tanganyika. XSLT, lugha ya kugeuza hati za XML ziwe za muundo mwingine, inaona uzi wa herufi tu. Ukiupitisha kama parameta iitwayo vituo, haijui kwamba Kwihara, jirani na mji wa Tabora, ni mahali ambapo mvumbuzi Livingstone alikaa mwaka 1872.

Toleo la 1.0, la mwaka 1999, halikuwa na amri ya kuukata uzi huo. Mtunzi wa programu alichukua herufi zilizotangulia koma ya kwanza, akazitumia, kisha akarudia kazi ileile kwa kilichobaki, mpaka koma zikaisha. Ni kambi kwa kambi, kama walivyokwenda wapagazi.

Toleo la 2.0, mwaka 2007, lilileta tokenize. Andika tokenize($vituo, ','), na koma tano zinakupa mfuatano wa vituo sita. Hesabu huanzia 1, kwa hiyo Kwihara ni [5].

Hata hivyo, amri hii hufuata ulichoandika, si ulichokusudia. Ukiacha nafasi baada ya koma, nafasi hiyo huganda kwenye jina, na ' Kwihara' si sawa na 'Kwihara'. Dawa yake ni kukata kwa '\s*,\s*', inayoondoa koma pamoja na nafasi za kushoto na kulia kwake. Koma ikibaki baada ya Ujiji, utapata kituo cha saba kisicho na jina. Ukipenda kutenganisha kwa |, andika '\|', maana bila mkwaju huo alama hiyo husomwa kama “au”.

Kubwa zaidi ni kuchagua kitenganishi kisichomo ndani ya majina yenyewe. Sisi huandika “Kwihara, Tabora” bila wasiwasi. Mashine itaikata hapo, Tabora iwe kituo cha sita, na Ujiji isogezwe hadi cha saba. Tumia nuktamkato kati ya vituo, na kila mahali patabaki na jina lake kamili.