Edouard Masengo: kutoka komini Kenya ya Lubumbashi mpaka inchi ya Kenya

Mbele televizyo iingie mu nyumba za Katanga, watu wa Lubumbashi, wakati ule Élisabethville, walikuwa na Jecoke. Jina hilo ni kifupi cha Jeunes Comiques de la Kenya. Kenya hiyo si ile ya Nairobi, ni komini ya Lubumbashi. Kundi lilichanganya vichekesho, nyimbo na ngoma, na ndani yake alikuwamo Edouard Masengo, mchekeshaji aliyekuwa pia mwimbaji na mpiga gitare.

Mwisho wa miaka ya 1950, Masengo alifika Nairobi. Kutoka Kenya ya komini, akaingia Kenya ya inchi.

Televizyo haikuwa imeanza kule, ilikuja 1962. Makampuni yenye kutaka kuuza yalihitaji mtu wa kusimama mbele ya watu, awachekeshe, kisha wimbo wake ubaki mu masikio. Peter Colmore, mtayarishaji wa muziki wa Nairobi, aliona kwamba Masengo anaweza yote mawili. Msanii wa Katanga akaanza kutangaza Coca-Cola.

Ndugu yake Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke alifika Nairobi 1959, akaimbia dawa ya Aspro ku redio. Mwenda ni mtoto wa Bunkeya, leo mu jimbo la Lualaba. Jina lake lilikuwa limetangulia, tangu Hugh Tracey alipomrekodi 1952 kule Jadotville, leo Likasi.

Nini iliwafungulia mlango? Gitare lao la vidole, ndiyo. Lakini pia lugha. Kiswahili cha Katanga si sawa na kile cha Mombasa, hata hivyo mtu wa Nairobi alikisikia bila mkalimani. Maneno ambayo wengine waliyaona ya kambi za wafanyakazi tu yakawa mali ya kuuzika mbali.

Baadaye televizyo ilifika Katanga, na vichekesho vikapata nyumba mpya. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilijulikana sana kwa michezo yake ku redio na ku televizyo, kwa Kiswahili kile kile cha muji. Mwaka 1986, Johannes Fabian, mtaalamu wa mila na desturi, aliwauliza maana ya msemo kwamba mamlaka yanaliwa mazima. Walimjibu kwa mchezo mzima, uliochezwa mu kijiji cha Kawama na kuonyeshwa ku televizyo.

Kijana wa Kolwezi mwenye kuigiza leo na kutoa wimbo kesho anatembea basi mu njia ya zamani. Swali la mkate nalo ni la zamani: hata wakati wa Masengo, chupa ya soda njo iliyomlipa mwimbaji.