Kikohozi kisichopona na sigara ya kificho: kanisa lifanye nini?

Mara kwa mara waamini hutuuliza kwa nini kansere ya mapafu hujulikana wakati mgonjwa amekwisha kukonda, na kama hakuna kipimo cha kuiona mapema. Kipimo kipo. Lakini kinafanyaje kazi, na nani anakipata, ni mambo yanayotaka kuelezwa polepole, maana kuna watu wanaouziwa tumaini la uongo, na kuna wengine wanaokufa kwa sababu ya haya.

Pafu lenyewe halina mishipa ya kusikia maumivu kama ngozi au jino. Uvimbe unaweza kukua ndani yake muda mrefu bila kumsumbua mtu. Siku anapoanza kutema damu, au sauti kukauka, au nguo kumpwaya, mara nyingi ugonjwa umekwisha kusambaa. Mwaka 2022 duniani kote watu karibu milioni 2.5 walipatwa na kansere hii, na karibu milioni 1.8 walikufa kwayo. Hakuna kansere nyingine inayoua watu wengi hivyo.

Kule Marekani walifanya utafiti kwa watu zaidi ya 53,000 waliovuta sigara miaka mingi. Wengine walipigwa picha ya skana yenye mionzi kidogo, wengine redio ya kifua ya kawaida. Matokeo yalitolewa mwaka 2011: kwa wale wa skana, vifo vya kansere ya mapafu vilipungua kwa asilimia 20. Mwaka uleule utafiti mwingine wa huko ulionyesha kwamba kumpiga mtu redio ya kifua kila mwaka hakupunguzi vifo hivyo. Kwa hiyo, mtu asiye na dalili yoyote akiambiwa alipie redio ili “kuchunguza kansere”, abaki na franka zake. Mwenye kikohozi ni habari nyingine, tutamfikia.

Hata skana yenyewe ina matata yake. Katika utafiti ule wa kwanza, karibu picha 24 kwa kila 100 zilionyesha kitu cha kutiliwa mashaka, na zaidi ya 9 kwa 10 ya hizo hazikuwa kansere. Yalikuwa makovu na vivimbe visivyo na hatari. Sasa fikiri juu ya nchi kama yetu, ambamo kifua kikuu kimeacha makovu katika mapafu ya watu wengi.

Tena kipimo hakiendi chenyewe kwa maskini. Uingereza, ambako hospitali hazitozi mgonjwa, waliona kwamba wavutaji wa mitaa maskini ndio waliofika kwa daktari wakiwa wamechelewa. Mwaka 2016, katika mji wa Manchester, waganga waliipandisha skana kwenye gari kubwa, wakaliegesha kwenye maegesho ya maduka ya mitaa hiyo, pale watu wanaponunua chakula. Walioalikwa ni wenye umri wa miaka 55 hadi 74 waliowahi kuvuta. Kati ya 1,384 waliopigwa picha, 42 walikutwa na kansere, na karibu uvimbe 8 kwa 10 ulikuwa bado katika hatua za mwanzo, ambapo matibabu ya kuponya yanawezekana. Juni 2023 serikali ikaamua kazi hiyo ienee Uingereza nzima. Katika mji wa Leeds, mshauri wa kuacha sigara aliwekwa palepale penye gari, ili mtu aanze siku ileile badala ya kupewa karatasi ya kwenda ofisi nyingine.

Kwetu Kongo skana ziko katika miji michache, na familia ndiyo inayolipa. Madaktari wa kupasua kifua ni wachache kuliko skana. Kumwonyesha mtu uvimbe ambao hakuna wa kuutoa ni kumwongezea mzigo tu. Basi sisi tunaona kwamba tusianze na mashine. Yako mawili ambayo kituo cha afya cha kijiji na kanisa lake wanaweza kuyafanya tangu sasa.

La kwanza ni kikohozi. Anayekohoa wiki mbili apeleke makohozi yapimwe. Muuguzi atafikiri kifua kikuu kwanza, na anafanya vizuri, kwa kuwa nchi yetu ni mojawapo ya zile zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Shida huja pale vipimo visipoonyesha kifua kikuu, mgonjwa akapewa vidonge hata hivyo, miezi ikapita, naye anazidi kukonda. Huyo asianzishiwe dawa zilezile mara ya pili. Apigwe redio ya kifua, na atumwe hospitali kubwa, hasa kama amepita miaka 40 na alivuta, au alifanya kazi ya kuchimba. Maana si sigara peke yake. Vumbi la mawe katika migodi huleta kansere ya mapafu, na hewa ya radoni pia, inayotoka katika mawe yenye uranium kama yale ya Shinkolobwe kule Katanga. Ndiyo sababu swali lile la kwenye matanga, “kwani alikuwa anavuta?”, lingefaa kuachwa.

La pili ni kuacha tumbako. Madaktari wa Uingereza walifuatwa kwa miaka 50 tangu 1951, wavutaji na wasiovuta. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alipata karibu miaka 3 zaidi ya kuishi kuliko aliyeendelea, aliyeacha akiwa na 50 alipata 6, na 40 alipata 9. Aliyeacha akiwa na 30 alipata 10.

Hapa ndipo tunapogusa nyumba yetu. Katika jumuiya nyingi za Kiprotestanti, mshirika akionekana na sigara huwekwa chini ya adhabu: hashiriki meza ya Bwana, haimbi katika kwaya. Mafundisho ya Paulo kwa Wakorintho juu ya mwili yanasimama, hatuyaondoi. Lakini adhabu isiyo na msaada huzaa mtu anayenunua sigara mojamoja gizani, anayetafuna tangawizi kabla ya ibada, na ambaye hata muuguzi hatamwambia ukweli. Katika Marko sura ya 1, Bwana alimgusa mwenye ukoma akiwa bado na ukoma wake.

Wako pia wanaosema ni pepo la sigara, likemewe basi. Tunaomba, ndiyo, na tumeona Mungu akijibu. Ila nikotini huubadili ubongo, na inapokosekana mtu huumwa kichwa, hukasirika bure, hakosi usingizi tu bali na utulivu. Siku za kwanza ndizo kali, kisha hali hupungua kwa wiki mbili hadi nne. Aliyeombewa Jumapili akitamani sigara Jumanne asiambiwe hana imani. Apewe maji, atembezwe, aongeleshwe. Tamaa yenyewe hupita kwa dakika chache. Achague siku ya kuacha, aijulishe nyumba yake, atupe hata kiberiti. Mshirika aliyekwisha kuacha amtembelee kila jioni wiki ya kwanza. Akianguka, waanze tena, kwa kuwa wengi hujaribu mara kadhaa kabla ya kufaulu.

Dawa zipo. Vibandiko na gamu za nikotini ziko katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, ingawa kuzipata katika famasi zetu ni kazi. Lakini mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2024 unataka pia jambo lisilo na gharama: kila mhudumu wa afya amuulize mgonjwa kama anatumia tumbako na kumshauri, kwa muda wa nusu dakika hadi dakika tatu. Vituo vyetu vya makanisa vinaweza kuanza kesho, na kwa mama wazee wa kiko na wanaonusa pia. Tungeomba jambo moja tu: anayeuliza asiwe shemasi wa kanisa lilelile la mgonjwa.