Njia ya mkato ya kibodi

Njia ya mkato ya kibodi ni kitufe kimoja, au vitufe kadhaa vinavyobonyezwa pamoja, ili kuiamuru kompyuta itekeleze kazi fulani bila kutumia kipanya wala kupitia menyu. Kwa mfano, katika programu nyingi za Windows na Linux, Ctrl+S huhifadhi faili iliyo wazi.

Namna ya kuzitumia

Vitufe vya Ctrl, Alt na Shift haviandiki herufi vikibonyezwa peke yake. Kazi yake ni kubadili maana ya kitufe kingine. Hivyo Ctrl hushikiliwa kwanza, kisha S hubonyezwa mara moja, halafu vyote huachiliwa. Kwenye kompyuta za Apple, kazi nyingi za Ctrl hufanywa na kitufe cha Command chenye alama ya ⌘.

Historia

Katika miaka ya 1970, maabara ya Xerox PARC huko Palo Alto, California, ilikuwa na programu ya kuandikia iliyoitwa Bravo. Ndani yake herufi ileile iliweza kuwa maandishi au amri, kutegemea hali ya programu kwa wakati huo. Mtu aliyeandika neno "edit" akiwa katika hali ya amri alipata hasara: E ilichagua waraka wote, D ikaufuta, I ikaanza kuingiza maandishi, na T ikabaki peke yake kwenye skrini.

Larry Tesler (1945-2020) na Tim Mott walitengeneza programu ya Gypsy ili kuondoa tatizo hilo. Humo waliingiza amri za kukata na kubandika, zilizofuata kazi ya wahariri waliokata karatasi kwa mkasi na kuzibandika kwa gundi. Tesler alihamia Apple mwaka 1980. Kompyuta ya Lisa, iliyotolewa mwaka 1983, ilitumia Z, X, C na V kwa kutendua, kukata, kunakili na kubandika. Herufi hizo zinafuatana chini kushoto mwa kibodi ya QWERTY, hivyo mkono mmoja huzifikia huku mwingine ukibaki kwenye kipanya. Baadaye Microsoft ilizitumia katika Windows pamoja na Ctrl.

Ctrl+Alt+Delete ilibuniwa na David Bradley, mhandisi wa IBM, kwa ajili ya kuwasha upya kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981. Vitufe vilivyo mbalimbali vilichaguliwa makusudi ili mtu asivibonyeze kwa bahati mbaya.

Mifano katika Windows

- Ctrl+C: kunakili
- Ctrl+X: kukata
- Ctrl+V: kubandika
- Ctrl+Z: kutendua kitendo cha mwisho
- Ctrl+A: kuchagua vyote
- Ctrl+F: kutafuta neno
- Ctrl+P: kuchapa
- Alt+Tab: kuhamia dirisha lingine
- Windows+L: kufunga skrini unapoondoka mezani
- Ctrl+Shift+T: kufungua tena kichupo kilichofungwa kwenye kivinjari

Maana inaweza kubadilika kulingana na programu. Katika dirisha la amri la Linux, kwa mfano, Ctrl+C husimamisha programu inayoendelea badala ya kunakili.

Umuhimu

Faida inayotajwa zaidi ni kuokoa muda, kwa kuwa mikono haiondoki kwenye kibodi. Ctrl+S ikibonyezwa mara kwa mara pia hupunguza hasara umeme unapokatika ghafla.

Kwa watu wasioona, kibodi ndiyo njia kuu ya kutumia kompyuta, kwani hawawezi kufuata mshale wa kipanya kwenye skrini. Hutumia kisoma-skrini, yaani programu inayosoma maandishi kwa sauti. Mfano ni NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa Australia mwaka 2006. Kwenye tovuti, mtumiaji wa NVDA hubonyeza H kwenda kwenye kichwa kinachofuata na K kwenda kwenye kiungo kinachofuata. Kwa sababu hiyo, tovuti ambayo vitufe vyake hufanya kazi kwa kipanya pekee huwafungia nje watumiaji hao, pamoja na watu ambao mikono yao haiwezi kuongoza kipanya.